Ukarabati na Amana: Mawazo Mbele ya Injini Kuukuu

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii humhimiza mtu awahi kutengeneza, na sijamsikia anayeipinga. Lakini liko jambo ambalo methali haikulitaja, na kila mwashi analijua: ufa hauzibwi kabla haujachimbwa. Huna budi kuibomoa chokaa iliyolegea, kuupanua mwanya, na kuumega kidogo ukuta uliokuwa mzima ili kiraka kipate pa kushika. Kwa hiyo kutengeneza ni kupunguza pia. Ndipo linapozuka swali ninalokusudia kulijadili katika makala haya: mtu anayekitengeneza chombo cha kale ana haki ya kukipunguza kiasi gani, na kwa kufanya hivyo anadaiwa nini, na nani?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata uani kwa mama yangu, Unguja, nimeketi juu ya jamvi, mikono imejaa grisi, na mbele yangu injini ya Vespa ya marehemu baba imefumuliwa vipande vipande juu ya sinia la bati. Vespa ile ilikuwa imekaa miaka sita ukumbini, imefunikwa shuka. Baba alipofariki iliingia katika mirathi, na sisi warithi tukakubaliana iuzwe, kwa kuwa paa la nyumba ya mama lilikuwa likivuja na fedha za kulibadilisha hatukuwa nazo. Kaka yangu akajitwika kazi ya kutafuta mnunuzi. Mimi, ambaye ujanani nilishinda zaidi kwa fundi wa mtaa kuliko barazani, nikapewa kazi ya kuifufua injini.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa Vespa ni chombo gani, lakini asili yake inafaa kukumbukwa. Kampuni ya Kitaliano ya Piaggio, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikiunda ndege, iliiombea hataza mjini Florence tarehe 23 Aprili 1946, wakati Italia ingali magofu ya vita. Aliyeisanifu, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki za kawaida hazikumpendeza: cheni inachafua nguo, injini iko wazi, na mpandaji hana budi kurusha mguu juu ya tanki. Yeye akaificha injini ubavuni mwa gurudumu la nyuma, akaiondoa cheni, akaacha nafasi ya kuweka miguu mbele ya kiti. Bila ya kukusudia, akawa amemtengenezea chombo mvaa kanzu. Neno vespa kwa Kitaliano ni nyigu, na aliyewahi kuisikia ikipita kichochoroni Mji Mkongwe wakati wa alasiri hatauliza kwa nini.

Ya baba huitwa ya 150, ingawa hesabu kamili imepungua kidogo. Kipenyo cha silinda yake kilipotoka kiwandani kilikuwa milimita 57, na mwendo wa pistoni milimita 57 vilevile, hivyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 145 na ushei. Ni injini ya mipigo miwili. Oili ya kuilainisha pistoni huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huo hupita kwanza tumboni mwa injini, ukazilainisha beringi za krenkshafti, kisha ukasukumwa juu ukaungue. Katika kila kilomita moja pistoni hupanda na kushuka mara elfu kadhaa, na kila mara ringi zake huusugua ukuta wa silinda.

Ukuta huo ni wa chuma cha kusubu, lakini chuma nacho huliwa. Huliwa zaidi sehemu ya juu, karibu na pale ringi inapogeukia, ambapo moto ni mkali na oili ni haba. Tena huliwa upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu mkono wa pistoni husukuma kwa mshazari. Silinda iliyozaliwa duara huzeeka ikawa na umbo la yai. Ukipitisha ukucha ndani yake unakuta kijidaraja chembamba kule juu, na kijidaraja kile ndicho jumla ya safari zote. Mimi nilipokipitishia ukucha niliziona asubuhi tulizopelekwa skuli wawili wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na adhuhuri ambazo baba alirudi na samaki wa Darajani wakining'inia kwenye usukani. Hakuna picha iliyozihifadhi safari zile. Ziliandikwa katika chuma, kwa kukipunguza.

Nilipoipangusa pistoni masizi, nikaona juu ya kichwa chake namba iliyopigwa: 57.6. Nikastaajabu. Pistoni za nyongeza za injini hizi hupanda kwa hatua ya milimita 0.2. Silinda ikichakaa, hupelekwa kwa mkerezaji, tundu lake likapanuliwa hadi hatua inayofuata, na pistoni nene zaidi ikatiwa. Milimita 0.2 za kipenyo ni milimita 0.1 kwa kila upande, karibu na unene wa unywele. Namba ile ilinijulisha kwamba silinda ya baba ilikwisha kupanuliwa hadi hatua ya tatu. Na sisi, watoto wake, tulikuwa tukijigamba skuli kwamba injini ya baba haijaguswa tangu itoke Ulaya!

Chini ya silinda nikakuta jambo jingine. Gasketi iliyotenganisha silinda na tumbo la injini haikuwa ya dukani. Ilikatwa kwa mkasi kutoka jalada la daftari la skuli, na pembeni mwake, chini ya uchafu wa oili, jedwali la kuzidisha lilikuwa bado linasomeka: saba mara sita, saba mara saba. Yamkini ilikuwa miaka ile ambapo vipuri havikupatikana na kila mtu alikuwa fundi kwa lazima. Sikumbuki daftari lile lilikuwa la nani kati yetu. Nakumbuka tu kwamba Vespa haikukosa kutupeleka skuli.

Nikaichukua silinda hadi kwa fundi aliyenifundisha kazi, mzee ambaye macho yake yamepungua lakini vidole vyake havijapungua. Nilipokwisha kumwamkia, aliipokea, akaingiza kidole gumba ndani, akaizungusha polepole bila ya kuitazama.

"Unataka kuifanya nini, mwanangu?"

"Nataka ikerezwe, mzee wangu. Ifike 57.8, nitie na pistoni mpya. Itakuwa kama imetoka kiwandani."

"Umepima, au umetamani?"

Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa sijapima.

"Ukuta huu una nyama ya kukerezwa mara moja, labda mara mbili," akasema. "Ukiila leo kwa tamaa, atakayekuja na haja atakereza nini?"

Nilirudi nyumbani nikapima. Nikanunua ringi mpya za 57.6, nikaipenyeza moja peke yake ndani ya silinda, nikaisawazisha kwa kichwa cha pistoni, nikaupima mwanya kati ya ncha zake kwa vile vibao vyembamba vya chuma. Katika silinda mpya mwanya huo huwa kati ya milimita 0.2 na 0.35. Mimi nilipata nusu milimita. Ilikuwa imechakaa, lakini haikuwa imekufa. Mikwaruzo ilikuwapo, ila hapakuwa na mfereji uliouzuia ukucha. Basi sikuipeleka kwa mkerezaji. Niliusugua ukuta kidogo kwa msasa laini ili ringi mpya zipate kuuzoea, nikabadilisha beringi za krenkshafti na sili zake za mpira, maana sili ikivuja injini ya namna hii hunyonya hewa, hupata joto kupita kiasi na hatimaye hunoki, kama wasemavyo mafundi. Silinda nikairudisha ilivyo. Nguvu ya injini haitakuwa kamili. Lakini Unguja haina milima ya kuitisha Vespa.

Hapa msomaji anaweza kunipinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: silinda mpya za aina hii bado zinasubiwa na kuuzwa, kwa nini kuionea huruma hii? Ni kweli, dunia haitaishiwa silinda. Lakini anayenunua mpya ana ya zamani mkononi, na lazima aifanye jambo. Ataitupa, na pamoja nayo atatupa uwezo uliobaki ndani yake, ambao hakuulipia yeye. Ulilipiwa na aliyeisubu, na baada yake ukalindwa na kila aliyejizuia kuukereza pasipo haja. Baba yangu alifika hatua ya tatu katika miaka ya dhiki, kwa chombo kilichobeba watu watano kila siku. Mimi ningefika ya nne kwa ajili ya fahari ya kusikia mlio mkali siku ya kuuza.

Wanafalsafa wana kisa chao kinachofanana na hiki. Plutarch, mwandishi Myunani wa karne ya kwanza na ya pili, alieleza kuwa watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus, na kila ubao ulipooza waliuondoa wakatia mpya, hata wenye hekima wakagawanyika: wengine wakasema merikebu ni ileile, wengine wakasema si hiyo tena. Thomas Hobbes, Mwingereza, mwaka 1655 akalikaza fundo zaidi: je, kama mtu angeziokota mbao zote zilizotolewa akaziunganisha upya kwa mpango uleule, ipi kati ya merikebu mbili ingekuwa ya Theseus? Watu wa pwani hatukuhitaji kwenda Athens kulipata swali hilo. Lipo ufukweni, kila jahazi linapopandishwa mchangani, likatolewa ubao na taruma, likatiwa kalafati, likashushwa majini kwa jina lake la zamani.

Ila nimewahi kukaa karibu na waundaji wa majahazi, na sijamsikia hata mmoja akiuliza kama jahazi ni lile. Hilo ni swali la anayetazama akiwa ng'ambo. Aliyeshika tezo ana swali jingine: ubao huu niutoe, au unaweza kwenda msimu mmoja zaidi? Niukate wapi ili atakayenifuata apate pa kuungia? Wanafalsafa wameuliza chombo ni kipi, na fundi anauliza chombo kinamdai nini. Naona swali la fundi ni zito zaidi, kwa sababu mtu anaweza kulikosea jibu la kwanza bila ya kumdhuru yeyote, lakini akilikosea la pili kuna atakayeumia.

Mimi nilidhani nimekwisha kulijibu siku ile nilipoacha kuikereza silinda. Kumbe nilikuwa nimelijibu nusu. Nusu ya pili ilikuja na mnunuzi.

Alivuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, bwana mmoja mpole anayekusanya vyombo vya zamani. Injini iliitika kiki ya tatu, ikatoa moshi wa buluu, kisha ikatulia katika ule mlio wake wa nyigu. Mama alitoka chumbani akasimama mlangoni bila ya kusema neno. Mnunuzi akainama, akaisoma namba iliyopigwa kwenye ganda la injini, akailinganisha na ile ya kadi.

"Injini ni ya asili?" akauliza.

"Namba yake hiyo hapo, bwana," akajibu kaka yangu.

Jibu lile lilikuwa kweli tupu. Namba ilikuwa ileile na ganda lilikuwa lilelile. Lakini kaka alijua, nami nilijua, kwamba mnunuzi alikuwa akiuliza kitu kingine, na kwamba kwa jibu lile ataondoka akiamini kilekile tulichokiamini sisi watoto, kuwa injini haijaguswa. Tena bei waliyoizungumza kwa simu ilikuwa bei ya injini isiyoguswa. Nikamwomba kaka tusogee pembeni.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hicho unachotaka kumwambia si kasoro. Injini inakwenda. Hataifungua maisha yake yote. Na huo ukweli wako unataka kuulipia kwa fedha za mama, si zako."

Nakiri kwamba maneno yale yalinichoma, na mpaka leo sioni kuwa yalikuwa ya mtu mbaya. Mtu anayesema kweli kwa gharama yake mwenyewe husifiwa; anayeisema kwa gharama ya mama yake anapaswa kufikiri mara mbili. Nikasimama pale nikitafuta la kumjibu, na jibu likanijia kutoka kwenye ile namba juu ya pistoni.

Nilijuaje kununua ringi za 57.6? Nilijua kwa sababu mtu ambaye simjui, siku ambayo siijui, aliitia pistoni yenye kipimo chake kimepigwa juu, akaiacha namba isomeke. Hakudhani kwamba kuna mtoto wa mwenye chombo atakayekuja kuisoma. Lakini kama angeifuta ili injini ionekane haijaguswa, ningenunua ringi za 57, nazo zingechezacheza ndani ya silinda. Kweli aliyoiacha yule ndiyo iliyoniwezesha kazi. Kujizuia kwa fundi humwachia mwenzake chuma cha kukereza, na ukweli wake humwachia maarifa ya kukerezea. Kimoja pasipo kingine hakifai. Yule ambaye kaka alisema hataifungua injini maisha yake yote, ana watoto, au atamuuzia mwenye watoto, na siku moja mtu atakaa juu ya jamvi na injini hii mbele yake.

Wapenzi wa ushairi wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, mengi yake hayakutufikia kwa mkono wake mwenyewe. Yalikusanywa miongo kadhaa baadaye kutoka katika kumbukumbu za wazee, kazi aliyoifanya Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940. Sasa tumfikirie mnakili yeyote mwenye shairi la kale mkononi, karatasi imeliwa na mchwa, kipande kimoja cha mshororo hakipo. Yeye ni hodari. Anajua mizani nane na kina kinachotakiwa, na anaweza kukitunga kipande kilichopotea kikakaa barabara. Je, akitie? Naona ruhusa ya kukitia anayo, maana shairi lenye pengo haliimbiki, na shairi liliundwa liimbwe kama injini ilivyoundwa iende. Lakini asikitanue kiraka chake kikala maneno mazima yaliyobaki ati kwa kuwa ya kwake ni matamu zaidi. Tena aweke alama, ili msomaji ajue hapa ni Muyaka na hapa ni mnakili. Asipoiweka, mizani itatimia, vina vitapatana, na jina lililo juu ya ukurasa litakuwa la Muyaka kweli. Na bado msomaji atakuwa amedanganywa. Jina juu ya ukurasa ni sawasawa na namba juu ya ganda la injini.

Sikuyasema hayo yote mbele ya kaka. Nilimwambia tu habari ya ringi. Mama, ambaye tulidhani hasikii, akasema kutoka mlangoni: "Mwelezeni alichokuja kununua. Paa litasubiri."

Nikamweleza mnunuzi. Nikampa karatasi niliyoiandika: kipimo cha silinda na pistoni, mwanya wa ringi nilioupima, beringi na sili nilizozibadilisha, na gasketi mpya niliyoikata mwenyewe kutoka karatasi yake maalumu, kwa sababu ile ya jalada la daftari ikishabanwa mara moja haizibi tena. Akaisoma mara mbili. Kisha akaipunguza bei kwa robo, kwa adabu lakini bila ya kusita, akaikunja karatasi na kuitia katika kisanduku cha zana cha Vespa. Hakunishukuru, wala sikutazamia ashukuru.

Mwaka ule tuliweza kubadilisha nusu ya paa. Masika yalipokuja, chumba cha mama kilikuwa kikavu na ukumbi ukawekwa ndoo mbili. Kaka yangu na mimi tunazungumza vizuri, lakini mvua ikinyesha usiku najua anachokifikiri, naye anajua kwamba najua. Sitajidai hapa kwamba ukweli ulilipa. Haukulipa, na yeyote anayekuahidi kuwa kila ukweli hulipa hajawahi kuuza chombo cha mirathi.

Narudi katika swali la mwanzo. Naona mtu anayekitengeneza cha kale ana haki ya kukipunguza kwa kadiri ya haja ya kukifanya kitumike, na asizidishe hata unywele. Anadaiwa na waliotangulia, kwamba asitumie kwa fahari walichokilinda kwa shida. Anadaiwa na aliye mbele yake, kwamba jina la kitu lisimfiche kitu chenyewe. Anadaiwa pia na yule asiyemjua, atakayekifungua chombo siku moja akitafuta kipimo. Chombo cha kale hakiwi chetu kabisa hata tukiwa na kadi yake; kinapita mikononi mwetu kama amana, na amana hurudishwa ikiwa na kitu ndani.

Ile gasketi ya jalada la daftari mama aliiomba. Ameiweka katika sanduku lake pamoja na kofia ya baba, na bado ina harufu ya petroli.